Jinsi ya Kupima Eneo la Moyo Lililokosa Damu kwa Kutumia Moyo wa Nguruwe: Mwongozo Kamili wa Mezani

Picha ninazotumiwa na wanafunzi waliojaribu zoezi hili la kupitisha rangi ya buluu moyoni ni za aina mbili. Ya kwanza ni moyo uliogeuka buluu wote, hata upande uliofungwa mshipa. Ya pili ni moyo wenye madoadoa kama kanga, buluu hapa, mweupe pale, na mwanafunzi anauliza eneo lililokosa damu ni lipi hasa. Wote wanasema wamefuata maelekezo ya darasani, na ninawaamini. Maelekezo hayo mara nyingi huandikwa na mtu aliyekwisha kuizoea kazi, kwa hiyo huruka mambo madogo, na hayo madogo ndiyo yanayoiharibu.

Kazi yenyewe ni hii. Watafiti wa shambulio la moyo hutumia nguruwe au kondoo. Huziba mshipa mmoja wa moyo kwa muda, huufungua, hujaribu dawa, kisha huuliza: ni kiasi gani cha moyo kimekufa? Jibu halina maana mpaka ujue kwanza ni eneo gani lilikosa damu. Chukua nguruwe wawili, kila mmoja ana gramu 12 za moyo zilizokufa. Wa kwanza alikosa damu kwenye gramu 20 za moyo, wa pili kwenye gramu 40. Wa kwanza amepoteza asilimia 60 ya kilichokuwa hatarini, wa pili asilimia 30. Mizani inakuambia wako sawa, kumbe kwa kiwango mmoja amepoteza mara mbili ya mwenzake.

Hapa tutajifunza kulipima eneo hilo kwa moyo wa machinjioni: tunafunga mshipa mmoja, tunapitisha rangi ya buluu, na pasipogeuka buluu ndipo palipokosa damu. Hakuna mnyama atakayekufa kwa ajili ya zoezi hili. Na ukilishika vizuri, siku utakapoingia kwenye timu inayofanya utafiti wa kweli, hutampoteza mnyama wa watu kwa kosa la mpira wa kupitishia rangi ulioingia ndani mno.

## Kwa nini nguruwe, na ufanyeje kama humgusi

Mishipa ya moyo wa nguruwe imepangwa karibu kama yetu: mmoja unashuka mbele, mmoja unazunguka kushoto, na wa kulia unalisha sehemu ya nyuma. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Moyo wa nguruwe karibu hauna njia za panya kati ya mshipa na mshipa. Ukiziba mmoja, jirani yake hawezi kumsaidia, kwa hiyo mpaka kati ya palipopata damu na palipokosa huonekana wazi kama umechorwa kwa kalamu. Mbwa ana njia hizo nyingi, tena zinatofautiana kati ya mbwa na mbwa, na hilo huwapa watafiti hesabu ya ziada.

Kama dini yako au ya wenzako hairuhusu nguruwe, tumia moyo wa kondoo au mbuzi. Nao wana njia za panya chache, na hatua zote hapa chini zinabaki vilevile. Tofauti ni kwamba kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe, mshipa wa nyuma nao hutoka upande wa kushoto, kwa hiyo wa kulia utauona mdogo. Moyo wa ng'ombe siupendekezi kwa anayeanza: una uzito wa kilo mbili hivi, unakunywa maji mengi, na karibu na shina la aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, una mfupa mdogo unaoharibu makali ya kisu.

## Vifaa

Andaa vyote kabla ya kwenda machinjioni. Moyo haukungoji utafute uzi.

- Mioyo mitatu ya nguruwe wa kuchinjwa. Mmoja huwa na gramu 300 hadi 400. Utaharibu mmoja, pengine miwili.
- Chumvi ya mezani, mizani ndogo na maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 5.
- Hepari, dawa ya kuzuia damu isigande, yuniti 5,000 kwa kila lita ya maji ya chumvi ya kwanza. Muombe mwalimu au mfamasia wa maabara.
- Rangi ya chakula ya buluu. Maabara yenye Evans blue itumie hiyo.
- Chupa ya maji ya lita 1.5, na mita 2 za mpira mwangavu ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa. Tundu la milimita 6 hadi 8 linatosha.
- Uzi wa hariri namba 2/0 na sindano iliyopinda.
- Fosepsi mbili za kubana, makasi, kisu kirefu chembamba chenye makali.
- Kamba ya pamba kwa kufungia aota.
- Beseni mbili, barafu, ndoo ya uchafu.
- Rula, vibao viwili vyenye unene wa sentimita 1, karatasi ya plastiki angavu, kalamu isiyofutika, karatasi ya grafu.
- Glovu, aproni, miwani. Rangi ya buluu ikirukia shati haitoki.

## Hatua ya 1: Pata moyo ambao haujapasuliwa

Hapa ndipo zaidi ya nusu ya wanaonitumia picha walipoanguka, kabla hata ya kuvaa glovu.

Mkaguzi wa nyama ana wajibu wa kuupasua moyo kutafuta vifuko vya minyoo tegu. Ukinunua moyo buchani, umeshapasuliwa, na moyo uliopasuliwa hauwezi kushika shinikizo. Nenda machinjioni siku moja kabla, uzungumze na mkaguzi mwenyewe, mweleze kwamba moyo ni wa kufundishia na hautaliwa. Usimzunguke kwa kumhonga mchinjaji. Moyo ambao haujakaguliwa ukirudi sokoni ni hatari kwa watu, na mkaguzi ana haki ya kukukatalia au kukupa masharti ya namna ya kuuteketeza.

Mwambie mchinjaji akutolee moyo pamoja na mapafu, bila kuvitenganisha. Sababu ni kwamba mchinjaji aliyezoea kuuza nyama hukata aota sawasawa na kitako cha moyo ili uonekane nadhifu. Wewe unahitaji angalau sentimita 5 za aota juu ya moyo. Mapafu utayakata mwenyewe baadaye.

Saa inaanza kukimbia mnyama anapokufa. Lenga kuanza kuusafisha moyo ndani ya dakika 30. Damu ikiganda kwenye mishipa midogo, rangi haipiti. Na misuli ya moyo, kama misuli mingine ya maiti, hukakamaa. Ikishakakamaa huibana mishipa iliyo ndani yake. Ukishika moyo ukauona mgumu kama kiazi kibichi, umechelewa. Utumie kujifunzia kutambua mishipa, kisha uchukue mwingine.

Umefaulu kama: moyo ni laini, hauna mkato wowote, aota ni ndefu, na una joto la mwili bado au umewekwa kwenye maji ya chumvi baridi ndani ya muda huo. Barafu iwe nje ya mfuko. Moyo usigandishwe, maana seli zikipasuka kwa barafu rangi itasambaa kila mahali.

## Hatua ya 2: Tengeneza maji ya chumvi

Gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji. Kama mizani huna, ni kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa.

Usitumie maji matupu. Seli huyanywa, huvimba, na uvimbe huo hubana mishipa kutoka nje. Moyo utaona unakuwa mzito na mweupe, nawe utadhani unausafisha kumbe unauziba.

## Hatua ya 3: Tundika chupa

Kata kitako cha chupa, igeuze kichwa chini, toboa kifuniko upitishe mpira, ziba pembeni kwa gundi. Sasa una tangi lililo wazi juu, unaloweza kulijaza kazi ikiendelea.

Usitumie bomba la sindano kusukuma kwa mkono. Najua maelekezo mengi yanasema hivyo. Mkono hausukumi sawa: sekunde moja unapasua kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, sekunde inayofuata umelegea na rangi inarudi nyuma. Ndipo yanapotoka yale madoadoa ya kanga. Uzito wa maji haubadiliki badiliki.

Tundika chupa ili uso wa maji uwe sentimita 110 hadi 135 juu ya moyo. Sentimita 110 za maji ni sawa na milimita 80 hivi za zebaki, na sentimita 136 ni sawa na milimita 100. Hilo ndilo shinikizo ambalo moyo wenyewe uliuzoea. Meza ikiwa na kimo cha sentimita 75, uso wa maji ukae kati ya sentimita 185 na 210 kutoka sakafuni. Pima kwa futikamba, usikisie.

## Hatua ya 4: Funga mpira kwenye aota

Nenda polepole hapa. Soma hatua yote kwanza, kisha uanze.

Weka moyo kwenye beseni la maji ya chumvi baridi, uzame kabisa. Tafuta aota: ni mshipa mnene kuliko yote, kuta zake nyeupe, ngumu, ukiubana kwa vidole unarudi wenyewe kuwa duara. Mshipa unaokwenda mapafuni uko mbele yake na kuta zake ni laini zaidi. Wanafunzi wengi hufunga huo kwa kuuona kwanza. Hakikisha: ukitazama ndani ya aota hadi chini utaona vali yenye mifuko mitatu, na juu kidogo ya mifuko miwili kuna matundu mawili madogo. Hayo ndiyo milango ya mishipa ya moyo. Rangi yako yote itapita hapo.

Kama aota imekatwa juu ya upinde wake, utakuta matawi mawili makubwa yametoka hapo. Yafunge kwa kamba, la sivyo maji yatatorokea huko.

Fungulia mpira kidogo ili maji yawe yanatoka, ndipo uuingize ndani ya aota huku vyote viwili vikiwa chini ya maji. Lengo ni kutoruhusu kiputo hata kimoja. Kiputo cha hewa kikiingia kwenye mshipa mdogo kinakwama kama kizibo, na nyuma yake eneo zima litabaki jeupe. Utalihesabu kuwa limekosa damu kwa sababu ya fundo lako, kumbe ni hewa.

Ncha ya mpira isimame sentimita 2 juu ya vali. Weka alama kwa kalamu kwenye mpira kabla ya kuuingiza. Kisha funga kamba ya pamba mara mbili kuzunguka aota na mpira, ukaze.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili mbele ya darasa niliusukuma mpira mpaka ukagota, nikidhani kugota ni usalama. Chemba ya kushoto ikaanza kuvimba kama puto, na maji yakamwagika kwa nguvu kutoka kwenye mishipa ya mapafu. Moyo ukabaki mweupe wote. Mpira ulikuwa umeisukuma vali ikafunguka, maji yakaingia chembani badala ya kwenda kwenye yale matundu mawili. Ukiona chemba ya kushoto inavimba, funga maji, vuta mpira juu sentimita 1, jaribu tena.

Umefaulu kama: ukiligusa shina la aota limejaa na kubonyea kidogo kama tairi la baiskeli lililopungua upepo, chemba ya kushoto haivimbi, na mishipa iliyo juu ya moyo inaanza kutuna. Shina likiwa tepetepe, kuna uvujaji au mpira ni mwembamba mno.

## Hatua ya 5: Safisha mpaka maji yatoke meupe

Tiririsha lita 1 ya maji ya chumvi yenye hepari. Yatapita mishipani, yatarudi kupitia upande wa kulia wa moyo, na kutokea kwenye mishipa uliyoikata. Mwanzo ni mekundu ya giza, kisha ya waridi, kisha karibu meupe. Usisimame kwenye waridi. Damu iliyobaki huichanganya rangi yako na kukupa zambarau isiyoeleweka.

Angalia nyuma ya moyo wa nguruwe, upande wa kushoto juu: kuna vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) pana inayozunguka atria, chumba cha juu cha moyo, na kuingia kwenye mkusanyiko wa vena za moyo. Watu huiogopa wakidhani wamekata kitu. Ni vena ya kawaida ya nguruwe, binadamu wengi hawanayo. Iache.

## Hatua ya 6: Tafuta mshipa wa mbele na uufunge

Geuza moyo ukutazame. Utaona mfereji wenye mafuta unaoshuka kwa mshazari kutoka chini ya sikio la kushoto la moyo hadi karibu na ncha. Ndani ya mafuta hayo umelala mshipa wa mbele unaoshuka, ambao hospitalini huitwa LAD. Pembeni yake kuna vena. Vena ni pana, nyembamba ya ukuta, ukiibonyeza inalala bapa. Ateri, yaani mshipa unaopeleka damu, ndiyo unayoitaka: ni ya duara, ngumu kidogo chini ya kidole, kama uzi wa kiatu.

Hesabu matawi ya pembeni yanayotoka kwenye mshipa huo kuelekea kushoto. Funga baada ya tawi la pili, karibu nusu ya safari kati ya mwanzo wa mshipa na ncha ya moyo.

Kwa nini hapo? Kwa moyo wa mezani unaweza kufunga popote. Lakini jizoeze pale ambapo mnyama hai anaweza kuvumilia. Ukifunga karibu na mwanzo, eneo linakuwa kubwa mno na moyo wa nguruwe hai huanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, na ndivyo wengi wao wanavyokufa katika dakika za mwanzo. Ukifunga chini sana, eneo linakuwa dogo kiasi kwamba kosa la milimita moja kwenye kupima linalimeza.

Pitisha sindano chini ya mshipa, kina cha milimita 3 hadi 5, ukichukua misuli kidogo. Ukipita juu juu utatoboa mshipa wenyewe. Ukienda chini sana utatokea chembani. Funga fundo mara tatu.

Pima kwa rula umbali wa fundo kutoka ncha ya moyo, uandike. Kisha acha uzi pale pale mpaka mwisho wa kazi. Kwa mnyama hai mshipa hufunguliwa ili damu irudi, na siku ya kupima hufungwa tena kwa uzi ule ule mahali pale pale. Ukifunga tena sentimita moja juu au chini, umepima eneo la mnyama ambaye hayupo.

## Hatua ya 7: Ingiza rangi

Koroga rangi kwenye nusu lita ya maji ya chumvi, si maji matupu, mpaka ukiweka kidole nyuma ya glasi hukioni. Kisha chuja kwa kitambaa kizito mara mbili. Chembe ambayo haikuyeyuka ni kizibo kama kiputo.

Acha maji ya chumvi yashuke yabaki kidogo kwenye chupa, ndipo umimine rangi juu. Usiache chupa ikauke, hewa itaingia.

Sasa tazama. Ndani ya sekunde chache matawi madogo yanajichora kwa buluu, mmoja mmoja, kama mizizi. Kisha nyama kati yake inaanza kugeuka. Upande wa kulia, nyuma, kushoto juu, vyote vinakolea. Chini ya fundo hapakolei. Panabaki rangi ya waridi hafifu, na ukingo wake unasimama. Dakika 2 hadi 4 zinatosha. Nyama ikishakolea, funga maji mara moja.

Usisafishe tena kwa maji ya chumvi kama umetumia rangi ya chakula. Haishikamani na kitu, itaoshwa yote. Na usisubiri. Molekuli zake ni ndogo, huvuka mpaka taratibu, na baada ya nusu saa kwenye joto la chumba ukingo wako mzuri umekuwa ukungu. Evans blue hutumiwa kwa wanyama hai kwa sababu hushikamana na protini ya damu na kubaki pale ilipofika.

Ukikwama:

Moyo wote umegeuka buluu: fundo limelegea, au umefunga vena. Kata uzi uangalie kilichomo ndani yake.

Moyo wote umebaki mweupe: mpira umevuka vali, au umefunga mshipa wa mapafu.

Madoadoa: viputo, damu iliyoganda, au chembe za rangi.

## Hatua ya 8: Kata vipande

Funga moyo kwenye plastiki, weka kwenye friza dakika 30 hadi 40. Uwe mgumu wa kukatika, usiwe jiwe. Moyo laini hujikunja mbele ya kisu na vipande vinatoka vinene upande mmoja.

Laza moyo kati ya vile vibao viwili vya sentimita 1, anza kwenye ncha, kata ukisafiri kuelekea kitako. Kisu kivutwe mara moja kwa urefu wake wote, usikate kama msumeno. Utapata vipande 5 au 6. Ondoa ukuta wa chemba ya kulia na mafuta ya nje kwa makasi, ubaki na pete ya chemba ya kushoto peke yake. Panga kwa mfuatano, uviwekee namba.

Sasa chungulia ndani ya pete. Palipokosa rangi panatakiwa pawe peupe kutoka nje hadi ndani, unene wote, upande mmoja tu. Ukiona tabaka la ndani ni jeupe kuzunguka pete nzima huku nje ni buluu, usilihesabu. Moyo ulikuwa umeanza kukakamaa, na tabaka la ndani ndilo linalobanwa kwanza. Kosa hili ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu linafanana na jambo la kweli: kwenye shambulio la moyo, kifo huanzia tabaka la ndani na kutembea kuelekea nje. Mwaka 1977 Reimer, Jennings na wenzao walionyesha kwa mbwa kwamba mshipa ukifungwa dakika 40 kifo kilikuwa kimefika wastani wa asilimia 38 ya unene wa ukuta, saa 3 asilimia 57, saa 6 asilimia 71. Mtafiti asiyejua kutofautisha hilo na moyo uliochelewa kusafishwa ataandika matokeo ambayo hayapo.

## Hatua ya 9: Pima na upige hesabu

Pima uzito wa kila kipande. Weka plastiki angavu juu yake, chora mpaka wa nje, wa ndani, na wa eneo jeupe. Geuza kipande, chora upande wa pili. Hamishia kwenye karatasi ya grafu, hesabu miraba. Chukua wastani wa pande mbili, maana mpaka hauendi wima.

Mfano wa kujizoeza:

- Kipande 1: gramu 14, eneo jeupe asilimia 90, sawa na gramu 12.6
- Kipande 2: gramu 26, asilimia 60, sawa na gramu 15.6
- Kipande 3: gramu 36, asilimia 30, sawa na gramu 10.8
- Kipande 4: gramu 42, asilimia 5, sawa na gramu 2.1
- Kipande 5: gramu 40, asilimia 0

Jumla ya uzito ni gramu 158. Jumla ya eneo lililokosa damu ni gramu 41.1. Gawanya: asilimia 26.

Usichukue tu wastani wa asilimia zile tano. Utapata 37, kwa sababu kipande kidogo cha nchani kimepewa sauti sawa na kipande kikubwa cha kitako. Kosa hili nimeliona hata kwa watu wazima wa fani.

Kwa fundo la katikati, tarajia karibu robo ya chemba ya kushoto. Ukipata asilimia 5 au 50, rudi kwenye daftari uangalie umbali wa fundo. Kisha mpe mwenzako vipande vile vile achore upya bila kuona namba zako. Mkipishana kwa zaidi ya pointi chache, tatizo ni ukingo au ni jicho, na litatuliwe kabla ya moyo wa pili.

## Kwa mnyama hai kinaongezeka nini

Kwenye maabara, vipande vile huwekwa baadaye kwenye kemikali iitwayo TTC, ya asilimia 1, joto la nyuzi 37, robo saa hivi. Seli hai zina vimeng'enya vinavyoigeuza kuwa nyekundu ya matofali. Zilizokufa hubaki nyeupe. Kwa hiyo kipande kimoja kinakuwa na rangi tatu: buluu haikukosa damu, nyekundu ilikosa lakini imeokoka, nyeupe imekufa. Moyo wako wa machinjioni hautakupa hiyo ya tatu, kwa sababu kifo cha kusomeka kwa TTC kinahitaji mshipa ufunguliwe na damu irudi kwa saa kadhaa.

Usijaribu kumfungia mshipa nguruwe hai kwa kuwa umefaulu hapa mezani. Hiyo ni kazi ya timu: daktari wa mifugo wa usingizi, mashine ya kushtua moyo ikiwa karibu, dawa za maumivu, na kibali cha kamati ya maadili kabla ya mnyama kununuliwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na zote zinakuhusu. Nguruwe anasikia maumivu na anaogopa. Kama amelazwa, amepasuliwa, ameumizwa moyo, halafu vipande vyake havisomeki kwa sababu mpira uliingia sentimita 2 kupita kiasi, hakuna mgonjwa atakayenufaika naye. Ndiyo maana nasisitiza mioyo ya machinjioni, mingi kadiri utakavyoweza kupata, kwanza.

## Kuteketeza mabaki

Mioyo yote, hata ambayo hukuipaka rangi, ichome au ifukie shimo la kina cha mita 1 na zaidi. Usimpe mbwa. Usitupe jalalani ambako nguruwe wa mtaani hupita: homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru binadamu, lakini huishi kwenye nyama kwa muda mrefu na inaweza kumaliza mabanda ya kijiji kizima. Osha meza, visu na beseni kwa sabuni kwanza, halafu dawa ya klorini, uiache dakika 10. Mpira wa chupa tiririshia maji safi hadi buluu iishe, uutundike ukauke ukiwa wima, maana kesho una moyo wa pili.